Siha ya Mwenye Kutibu

Msafiri atokaye Kigoma mjini, akaupa kisogo mwambao wa Ziwa Tanganyika na kupanda vilima kwenda Kasulu, na kutoka Kasulu akashika njia ya kaskazini hadi Kibondo, huingia katika nchi ya Waha, nchi ya nyanda za juu yenye migomba, mihogo na mashamba ya maharage, ambayo kwa muda wa nusu karne na zaidi imekuwa ikipokea wageni wa aina mbili: wakimbizi wanaovuka mipaka ya Burundi na Kongo wakitafuta amani, na vijana wa udaktari, utabibu na uuguzi wanaotumwa kuja kuutimiza ujuzi wao kwa vitendo au kuanza kazi. Habari za wageni wa kwanza zimeandikwa na kusomwa duniani kote. Habari za hawa wa pili hazisemwi ila kwa minong'ono kati ya zamu na zamu, wala aghalabu hazifiki masikioni mwa wagonjwa wanaowahudumia. Nataka kuzisema hapa, kwa kuwa naamini ya kwamba mwananchi ambaye mwanawe amelazwa katika hospitali ya wilaya ana haki ya kujua daktari aliyeinama juu ya kitanda kile amelala saa ngapi tangu juzi.

Hali ninayoikusudia, yaani uchovu wa kikazi unaommaliza mtu, ina historia fupi katika vitabu, ingawa katika maisha ya watu ni ya zamani sana. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika juu ya watumishi walioingia kazini kwa shauku kubwa, na baada ya muda wakawa hawana nguvu, hawana saburi, wala hawana imani tena na kazi waliyoipenda. Baada yake Christina Maslach wa California alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuipima hali hiyo. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaieleza rasmi kuwa si maradhi, bali ni tukio la kikazi litokanalo na dhiki ya muda mrefu kazini ambayo haikusimamiwa ipasavyo, lenye alama tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi hata mtu akaitazama kwa kebehi, na ufanisi kupungua. Msomaji na aikumbuke ile sehemu ya dhiki isiyosimamiwa, maana ndiyo itakayotuongoza katika yote yafuatayo.

Daktari wa Tanzania husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, akizunguka idara za tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, kabla hajapewa usajili kamili. Katika hospitali kubwa juu yake kuna ngazi nzima ya wakubwa wa kuulizwa. Lakini akishapangiwa wilaya ya mbali, bado kijana wa miaka ishirini na kitu, huenda akajikuta siku ya tatu tu tangu ashushe sanduku lake kwamba yeye ndiye mkuu wa zamu usiku ule, na mkubwa wa kuulizwa yuko upande wa pili wa simu. Tabibu, aliyesoma stashahada kwa miaka mitatu, hufikia hali hiyo hiyo akiwa mdogo zaidi. Hawa wote bado wanajifunza, hata kama cheti kimekwisha kutiwa sahihi. Wana dhima kamili juu ya uhai wa watu, na madaraka haba juu ya mambo yanayouamua uhai huo, yaani damu, dawa, gari la wagonjwa na idadi ya watu walio zamu.

Tuuchukue usiku mmoja wa majira ya mvua. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani Kigoma wana vimelea vya ugonjwa huo, kiwango kilichopita cha mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Kwa hiyo mtoto ninayemtaja hapa si wa ajabu, ni wa kila juma. Mama ameshuka kwenye bodaboda, mtoto yuko mgongoni amefungwa kwa kitenge, shingo imelegea. Muuguzi anamfungua, anavigeuza viganja vyake chini ya taa, anavikuta vimepauka hata mistari haionekani. Daktari kijana anaitwa kutoka leba, ambako amemwacha mwanamke ambaye uchungu wake umesimama tangu magharibi. Anapima sukari, anaanza sindano ya malaria kali, anaagiza damu. Jibu kutoka maabara ni kwamba kundi lile halipo, na lazima ndugu waamshwe wapimwe. Mjomba anapimwa, halingani. Jirani anapimwa, analingana, lakini anataka kwanza aelezwe kama atadhurika. Katikati ya maelezo umeme unakatika, na mshipa wa mtoto unatafutwa kwa tochi ya simu, huku simu yenyewe inaita, ni leba wanasema mapigo ya moyo wa kichanga yanashuka.

Alfajiri mtoto amepata damu, au hakuipata. Vyovyote iwavyo, saa moja na nusu asubuhi kuna kikao cha ripoti ya zamu, baada ya kikao kuna raundi ya wodi, na baada ya raundi kuna mabenchi ya wagonjwa wa nje yaliyojaa tangu jua halijachomoza. Mtoto akifariki, ni daktari yule yule anayeandika saa ya mauti katika faili na kumwambia mama. Na katika kikao cha asubuhi huulizwa mbele ya wenzake kwa nini damu ilichelewa. Swali hilo ni la haki na lazima liulizwe. Ila ni nadra sana kumsikia mtu akiongeza baada yake: "Daktari, umekunywa hata chai?"

Usiku kama huo mmoja hauvunji mtu. Vijana wengi huutoka wakiwa na fahari, nao wanastahili fahari hiyo. Kinachovunja ni mfululizo, pale usiku wa pili unapofika kabla wa kwanza haujalipwa kwa usingizi, na wa tatu ukafuata, hata ikafika siku ambayo daktari anamsikia mama akilia ukumbini na anajikuta hahisi chochote ila hasira kwamba kelele zile zinamsumbua. Hapo ndipo pa kuogopa. Kijana huyo hakuzaliwa katili. Mwaka mmoja tu uliopita alilia chooni kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua. Moyo wake umefunga mlango ili usife, na mlango huo huwafungia nje wagonjwa wote, wazito na wepesi, pamoja na mke au mume wake, na mara nyingine hata sala yake.

Yapo mazoea, nayo ni ya zamani katika shule zote za tiba duniani, ya kuyajibu mambo haya kwa mawaidha: kwamba udaktari ni wito, kwamba wakubwa wetu walikesha zaidi wala hawakulalamika, kwamba kijana ajifunze ustahimilivu. Sibezi wito, wala siidharau subira, ambayo dini zetu zote zimeisifu. Lakini mkulima wa Heru wilayani Kasulu ambaye shamba lake limechoka kwa kulimwa misimu mfululizo hauhutubii udongo juu ya subira. Huupumzisha, hubadili mazao, huutia samadi, na akikosa kufanya hivyo hamlaumu mwingine mavuno yakipungua. Mwili wa binadamu nao una kanuni zake zisizosikia waadhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 huko Australia ulionyesha ya kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hutenda kazi za umakini sawasawa na mtu aliyekunywa pombe ya kutosha kumfanya asiruhusiwe kuendesha gari katika nchi nyingi. Na mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, waliwalinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza waliofanya zamu ndefu za desturi na wale waliopunguziwa saa, wakakuta wa zamu ndefu wamefanya makosa makubwa ya tiba zaidi kwa asilimia 36. Huko New York ilibidi kwanza afariki binti wa miaka 18, Libby Zion, mwaka 1984, chini ya uangalizi wa madaktari wa mafunzo waliokuwa na kazi tele usiku kucha, na baba yake apige kelele miaka kadhaa, ndipo jimbo likaweka mpaka wa saa 80 za kazi kwa juma. Saa 80 bado ni nyingi mno, lakini ulikuwa mpaka, na kabla yake haukuwapo.

Kigoma ina mzigo mwingine unaopaswa kutajwa. Mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walikusanyika makumi ya maelfu katika kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba wa ufuko uliobanwa kati ya ziwa na mlima, mahali pasipo na maji safi wala vyoo vya kuutosha umati ule. Kipindupindu kikaingia, na kiasi cha watu 30 wakafa kabla hakijadhibitiwa. Meli kongwe ya Liemba iliwachukua watu kwa mafungu hadi Kigoma mjini, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ambayo ilikwisha kuwa na Wakongo tangu 1996. Oktoba mwaka ule kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Watumishi wa afya walisifiwa wakati wa kipindupindu, na kwa haki. Walakini dharura huwa na kitu ambacho kazi ya kila siku haina: watu huja kusaidia, vifaa hushushwa, wakubwa hutembelea, na kila mtu anajua kwamba jambo hili lina mwisho. Daktari kijana aweza kuhimili mengi katika hali hiyo. Tabu huanza wageni wanapoondoka, na yeye akabaki na wodi ile ile, yenye wagonjwa waliozidi, kwa mwaka wa pili na wa tatu, bila sifa na bila mwisho unaoonekana.

Jibu la mambo haya halina haja ya kutafutwa ng'ambo, kwa sababu sehemu yake kubwa ilipatikana mkoani humu humu. Katika miaka ya 1980, wakati mkoa mzima ulikuwa wilaya tatu tu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, Daktari Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa, na baadaye pamoja na Profesa Staffan Bergström wa Uswidi akachapisha, mwaka 1995, makala ambayo wanafunzi wa afya ya uzazi huisoma hadi leo. Alianza kwa kuyapekua madaftari ya miaka 1984 hadi 1986, na kwanza akagundua kwamba kumbukumbu zilikuwa na mapengo makubwa. Kisha, kuanzia 1987, hospitali ikashika mambo 22 ya kurekebisha, ambayo ukiyasoma moja moja hayana fahari yoyote. Vikao vya mara kwa mara vya kupitia kazi iliyofanyika viliwekwa, na mafunzo yakaendelea pale pale kazini. Kanuni za kumhudumia mgonjwa, na za kujua ni lini apewe rufaa, zikaainishwa. Vyombo vikawa na ratiba ya kukarabatiwa. Upatikanaji wa damu na dawa za lazima ukashughulikiwa. Ikatazamwa haja ya kuwa na kiwanda kidogo cha kutengenezea maji ya dripu. Malalamiko ya wananchi yakasikilizwa, na wenyeji wakahimizwa kuchanga. Hata umbali kati ya makazi ya watumishi wa lazima na hospitali ukatiwa katika hesabu. Vifo vya uzazi hospitalini vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, katika kipindi kilichoishia 1991.

Makala ile ilihusu akina mama, si uchovu wa watumishi. Hata hivyo mtu aliyewahi kukesha wodini akiisoma orodha ya mambo yale ataona kwamba karibu kila moja linaondoa jiwe kutoka begani mwa daktari kijana. Damu ikiwapo, hana haja ya kuwabembeleza majirani saa nane usiku huku mtoto anakata roho. Kanuni ikiwa imebandikwa ukutani, hauchukui peke yake uamuzi ambao wakubwa wake walipaswa kuuchukua mchana kwa utulivu. Nyumba yake ikiwa hatua chache kutoka lango la hospitali, zamu ya wito humruhusu alale kitandani kwake kati ya wito na wito, badala ya kusinzia kwenye kiti au kusafiri gizani kwa bodaboda. Na mtu anayeona kwamba juhudi yake inazaa matunda, kwamba mwaka huu wamekufa wachache kuliko mwaka jana, hupata nguvu ambayo hakuna semina inayoweza kumpa. Ndiyo maana nashikilia kwamba ustahimilivu, kabla ya kuwa sifa ya moyo wa mtu, ni matokeo ya mpango wa kazi. Na msimamizi anayewataka vijana wake wastahimili, ilhali hajaipanga zamu wala hajaiuliza benki ya damu, anawatwisha wao kazi iliyo yake.

Somo jingine la mkoani ni la mikono michache. Mwaka 2009 Mbaruku, pamoja na Colin McCord na wenzao, walichapisha uchunguzi wa upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya na za misheni za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wakaonyesha ya kwamba sehemu kubwa sana ya upasuaji ule ilifanywa na madaktari wasaidizi, watu waliopanda kutoka utabibu, na kwamba matokeo yao hayakupungua ubora kulinganisha na ya madaktari wa shahada. Kijana wa chuo kikuu afikaye Kasulu angefanya vema kulijua hilo mapema. Mwalimu wake mkubwa kuliko wote huenda akawa daktari msaidizi mwenye mvi, au sista wa leba aliyefunzwa zamani huko Kabanga wilayani Kasulu, ambaye amekwisha kuona kila aina ya mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Kijana akimwambia sista huyo, "Dada, naomba uniangalie kabla sijakata," hajashusha hadhi yake. Amegawana mzigo na mtu aliyeuzoea. Nao wakubwa hawa wa kazi, ambao wamekesha miaka mingi bila kuulizwa hali zao, sharti waingie katika kila mpango unaotungwa kwa ajili ya vijana, wasije wakapumzishwa wanafunzi kwa gharama ya walimu.

Juu ya kikao kinachofuata kifo nina neno zaidi, maana nadhani hapo ndipo vijana wengi hujeruhiwa. Kuuchunguza mkasa ni wajibu, lakini kuna namna mbili za kuuchunguza. Ipo inayotafuta mtu, na ikishampata husimama. Na ipo inayouliza damu ilikuwa wapi, nani aliitwa, simu ilijibiwa saa ngapi, gari lilikosa nini. Ya kwanza hufundisha vijana kuficha, na daktari anayeficha hujifunza upweke. Ya pili huwafundisha tiba. Tena mbali na kikao cha uchunguzi, panafaa pawe na baraza dogo lisilo na daftari, ambamo kijana anaweza kusema tu jinsi alivyoona. Katika London ya miaka ya 1950, daktari Michael Balint alikuwa akiwakusanya madaktari wenzake kila juma wazungumze juu ya wagonjwa waliokuwa wakiwasumbua mioyo, na vikundi vya namna hiyo vimeenea nchi nyingi. Kwa watu wa huku desturi yenyewe si ngeni: sisi hatumwachi mfiwa alale peke yake, tunakaa naye, tunazungumza naye hata yasiyo na maana. Daktari aliyempoteza mtoto wa mtu usiku naye amefiwa kwa kadiri yake, na nusu saa ya kukaa na wenzake kwa chai, simu zikiwa zimeshikwa na mwingine, haigharimu bajeti ya mtu yeyote.

Yako pia yaliyo juu ya kijana mwenyewe, nayo nitayapitia kwa ufupi kwa kuwa anayasikia kila mahali: alale anapoweza, ale kabla ya zamu, asijitibu kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi, awe na mtu mmoja wa kumwambia ukweli, na akianza kuwaza kwamba afadhali asingeamka kesho, aende kwa mwenzake siku hiyo hiyo kama ambavyo angemtaka mgonjwa mwenye homa kali aje.

Posho nayo ni sehemu ya siha. Mgomo mkubwa wa madaktari wa Tanzania wa mwaka 2012 ulianza mwezi Januari kwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambao posho zao zilikuwa zimecheleweshwa; na mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, malipo na upangaji wa vijana wa mafunzo yakiwa katikati ya ugomvi. Mtu aweza kuwa na maoni yoyote juu ya migomo, ambayo wanaoumia kwanza ni wagonjwa maskini. Lakini kijana anayedaiwa kodi ya chumba na mama mwenye nyumba, na huku ameandika vyeti vya mauti usiku kucha, anajiuliza kama taifa linamhesabu kuwa mtu, na swali hilo humla kwa ndani haraka kuliko kazi yenyewe.

Raia wa kawaida ana nafasi yake katika mambo haya, kubwa kuliko adhaniavyo. Anayejitolea damu mchana, akiwa na afya, amemwondolea mtu asiyemjua ile saa ya kuamsha ndugu. Anayemleta mtoto siku ya kwanza ya homa amefanya usiku mmoja uwe mwepesi katika wodi ya Kibondo. Tena kila halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya, na kila kituo kina kamati yake ya usimamizi, ambamo wananchi wana viti vyao, na ambamo kwa desturi huulizwa juu ya dawa, uchangiaji na ujenzi wa majengo. Wanaoketi katika viti hivyo, Kasulu na Kibondo, wanaweza katika kikao kijacho kumwomba mganga mfawidhi alete ratiba ya zamu ya mwezi uliopita pamoja na dawa na majengo, waisome jina kwa jina, na waulize daktari aliyekesha Jumapili alipumzika lini, nani alishika zamu yake alipougua, na nyumba yake iko umbali gani kutoka hospitali.